Kufuli la Lango Langu

Harlan, uko macho? Yamenikuta.

Kile kibali cha kuwinda elki dume, yule swala mkubwa kama farasi, nilichokiomba kwenye bahati nasibu tangu mke wangu ana mimba ya Tessa, nikakipata sasa Tessa kaolewa, hakina faida tena. Leo asubuhi Burdette kanifungia lango lake, njia pekee ya kupanda mlimani.

Burdette! Yule ambaye baba yangu alimchimbia mashimo ya nguzo za uzio!

Nikamwambia, "Jirani, kule juu ni ardhi ya umma." Kacheka. Kacheka, Harlan! "Mlima ni wa umma, mzee, lango ni langu. Wewe ota mabawa."

Njia kawakodishia matajiri kutoka mjini. Walisimama pale na kahawa zao, wakacheka naye.

Huko kwenu Pennsylvania kupata kibali ni kama kuokota almasi, lakini ukikipata unaingia msituni bila kumpigia mtu magoti. Mimi kibali kiko mfukoni, mlima nauona, halafu naambiwa niote mabawa!

Nilikwenda dukani nikanunua mnyororo na kufuli.

Maana kasahau kwamba barabara ya kwenda kwake inakatiza malisho yangu, na inapita kwenye lango langu. Hajawahi kuniomba ruhusa kwa sababu sijawahi kumfungia. Sasa matajiri wake wako ndani, wao na matrela yao ya farasi.

Kanipigia simu sasa hivi. Sauti tamu kama asali. "Jirani yangu, mbona lango lako lina kufuli? Wageni wanataka kutoka."

Nimemwambia waote mabawa.