Bingwa wa Chai wa Mtaa wa Viatu

Shamba la Bwana Harlow, Assam

Kwako Kaka Kam-sing,

Pokea salamu zangu kutoka huku msituni. Kikohozi chako kimepoa? Barua za mama kutoka kijijini bado zinakugombeza? Kama bado zinakugombeza, basi nafurahi, maana mama ni mzima. Mimi mwili haujambo, ila naogopa, kaka.

Unakumbuka nilivyochukuliwa hapo Kalkata. Wazungu walitaka Wachina wa kutengeneza chai, na wakala alipouona msuko wa nywele mgongoni kwangu hakuuliza zaidi. Nilidhani nitapewa jembe. Kufika huku nikasimamishwa mbele ya karai la moto, watu arobaini wakinitazama, mimi fundi viatu ambaye chai naijua ikiwa kikombeni tu.

Tulikuja wawili. Mwenzangu Ah-Tong, seremala, aliunguza majani siku ya kwanza, akagundulika. Bwana Harlow alimfukuza aondoke kwa miguu mvua ikinyesha, na msitu huu una homa. Siku ya nne tulimkuta kando ya njia, amekwisha kufa.

Aliyeniokoa ni Roi, mwanamke wa Kisingpho anayechuma majani hapa. Watu wake wanainywa chai ya msitu huu tangu mababu zao, lakini bwana hajawahi kuwauliza. Aliponiona nimeduwaa mbele ya karai, alisogea na kikapu chake akaninong'oneza, "Ndugu, hiyo si ngozi ya kiatu. Igeuze kwa mikono, la sivyo itaungua."

Basi yeye hunionyesha kwa mikono, kwa siri, mimi naiga, na bwana anaandika kwamba hiyo ndiyo siri ya China.

Sasa nikwambie nililofanya. Juzi bwana aliniuliza nilifundishwa na nani. Nilitaka kumtaja Roi, nikamkumbuka Ah-Tong, woga ukanishika. Nikasema nilifundishwa na kaka yangu, bingwa kunishinda, anayeishi Kalkata kwenye mtaa wa viatu. Bwana alifurahi mno. Jana wakala aliondoka kukufuata wewe. Nilijiokoa kwa jina lako, kaka, nami naona aibu. Nisamehe.

Mwenye mtumbwi anayebeba barua hii ameahidi kumtangulia. Ukiipata, hama siku hiyohiyo. Ukishindwa, shika haya. Majani yanyauke kwanza juani. Karai liwe la moto hata tone la maji lirukeruke. Geuza kwa mikono mitupu, na ukiungua usikunje uso, maana wanatazama uso kuliko chai. Kisha yafikiche mpaka yanate vidoleni. Jizoeze kwa majani yoyote, hata ya mboga.

Mwandikie mama kwamba sijambo. Majirani wote wasalimie.

Na wakikuleta, kaka, siku watakayokusimamisha mbele ya karai usinitazame mimi. Tazama mikono ya mwanamke mwenye kikapu, nyuma yangu.

Mdogo wako,
Kam-po