Marejeo Manne ya Ziada

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi! Nimeshinda na koti hapa kwa Shangazi Mariana, Katandala. Likizo nzima namchapia makala yake ya zao la ulezi huko Mpui. Miaka mitatu amezunguka mashamba yale kwa miguu! Jarida likiikubali, chuo anachofundisha kitampandisha cheo. Wakiikataa, anaanza kungoja upya.

Leo kanifundisha alama ya jarida. Unachukua makala zake za miaka miwili iliyopita, unahesabu mwaka huu wengine wamezitaja mara ngapi, unagawanya kwa idadi ya makala. Basi! Felisian, mwanawe, akadakia: kumbe maprofesa nao wanatafuta laiki? Shangazi kacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Mbele ya Shangazi sauti hunipotea.

Jumatano, 11 Juni
Barua pepe ya mhariri! Makala nzuri, anasema, ila Shangazi aongeze marejeo matano kutoka jarida lao wenyewe — yote ya mwaka jana na juzi. Nikapiga hesabu. Wanajipandishia alama!

Shangazi hakukasirika. Amezisoma makala zote tano, kalamu mkononi. Nani hufanya hivyo? Moja inamfaa. Nne hazihusiki kabisa; moja ni ya samaki wa bwawani!

Nikanong'ona: watakukataa, Shangazi.

"Wakatae, mama. Nikiitaja, nasema nimeisoma na imenisaidia. Sasa samaki wa bwawani wamenisaidia nini mimi?"

Nataka kuwa kama yeye. Kabisa!

Ijumaa, 13 Juni
Nimefanya kitu. Shangazi alikuwa chuoni. Nimeziingiza zile nne — sentensi moja kwenye utangulizi, na majina chini kwenye orodha. Kati ya marejeo thelathini na tano, nani ataziona? Anastahili kile cheo!

Jumamosi, 14 Juni
Leo anatuma. Nilidhani atabonyeza tu. Kumbe hatumi kabla hajasomewa marejeo yote kwa sauti! "Salome, nisomee."

Felisian: "Leo bubu katamka!"

Nikasoma. Kila mwandishi, Shangazi anamjua. Huyu alipima udongo wa Muze. Huyu alikosea, ila alikiri mwenyewe. Anawataja kama ndugu zake.

Tulipomaliza ya kumi na saba, jirani Coleta akabisha hodi. Shangazi katoka, kaniachia laptopu. Ya kumi na nane ni ya samaki. Naweza kuzifuta zote nne sasa hivi, asijue maisha yake yote.

Namsikia anaagana naye. Anafunga mlango.

Sijafuta hata moja. Akikaa tu, namsomea ya kumi na nane kwa sauti.