Picha Yako Ukutani, Shiundu

Shiundu,

Jumamosi wametundika picha yako katika ukumbi wa ndondi. Iko juu, upande wa mabingwa, umekunja ngumi na kukodoa macho kana kwamba ni wewe uliyedhulumiwa. Nilipoiona, taya langu liliuma, na ni miaka mingi tangu ulivunje.

Tangu tukuzike kule Naivasha, ubishi haujaisha. Wengine wanasema Nakuru haijatoa bondia mwenye konde kama lako. Wengine wanasema mtu aliyempiga mwenzake kengele ikiwa imeshalia hastahili hata msumari. Na unajua desturi ya pale: kabla picha haijapanda, yeyote uliyepigana naye ana haki ya kusimama ulingoni na kuikataa. Basi wote wakanigeukia mimi.

Kocha mpya, kijana tu, akanitangulia. "Mzee, huyo jamaa alikuwa mnyama. Hatutaki sura yake hapa."

Nilimkaba koo, Shiundu. Ilibidi watu wanibandue. Amekujulia wapi yeye? Mnyama nikuite mimi, niliyemeza damu na meno, nisiyetafuna mahindi ya kuchoma hadi leo, niliyeacha ndondi kijana mbichi kwa ajili yako.

Nilipanda ulingoni. Haki ya Mungu, nilitaka kukataa. Kisha nikakumbuka raundi yenyewe, kabla ya kengele. Ulivyoniingia mbavuni kwa mkono wa kushoto, tena wa kushoto, pumzi ikakata, na bado nikawaza: huyu mtu anaijua kazi. Sijaona tena mtu akipiga vile. Nikawaambia ulikuwa mwoga dakika moja na bingwa siku zako zote. Wakutundike, lakini chini yako waandike ulichonifanyia. Wameandika.

Ulikuja hospitali mara moja tu. Ukasimama mlangoni na mkate mkononi. Mkate, Shiundu! Kwa mtu aliyefungwa taya kwa waya! Ukauweka kitandani, ukaondoka bila kufungua mdomo. Nimekuchukia kwa mkate ule kuliko kwa ngumi. Miaka yote nilingoja useme pole, na sasa umekufa nayo, na mimi nalia kama mjinga.

Lala basi, ndugu yangu. Nikija huko nitakupiga mpaka uniambie pole. Kisha nitakuinua mwenyewe.

Okello