Neema Ameacha Ziwa Nisipokuwepo

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Kadi hii niliinunua kwenye mji wa pwani ya Mediterania nilikopelekwa kazini, nikakosa nguvu ya kuiandika hadi niliporudi huku Columbia Heights, Marekani.

Ngome unayoiona pale juu kwenye picha, wageni huipanda watazame bahari. Mimi nilibaki chini ya ngazi na kiti cha magurudumu, nikimlisha dagaa wa kuchoma yule mama mzee ninayemtunza. Binti yake akaniambia, "Una bahati wewe! Wengine hulipa kuja hapa." Na mimi nimejifunga leso kifuani, maziwa yanavuja. Jioni niliyakamua kwenye sinki ya hoteli, maziwa ya Neema, nikafungulia maji.

Niliporudi, Neema alinitazama, kisha akamkumbatia shingo Mama Furaha, jirani aliyekaa naye wiki hiyo. Nikampa ziwa, akalisukuma.

"Muache, dada, amezoea kikombe," Mama Furaha akasema.

Kwetu mtoto ndiye hupelekwa kwa nyanya aachishwe ziwa. Huku aliyepelekwa ni mama. Na Neema ana miezi tisa tu!

Usinilaumu, na usiwaambie watu kwamba nimetembea Ulaya. Mungu akutunzie magoti. Jirani yako akija huku, mpe aniletee hivi: wimbi kilo mbili na mtama kilo moja, visagwe pamoja hadi vilainike, omena waliotolewa vichwa, mwiko mdogo, na ile leso yako ya kubebea watoto. Usiifue kwanza.