Kwa Edwin Barraclough, Uliyebaki Blackrake

Mwaka umetimia, Edwin, tangu uliponirudishia kikombe kikiwa na chai nusu kwenye daraja la Sikes, ukaniambia tutaonana Tup Lane, ukaanza kupanda Blackrake mpaka ukungu ukakumeza. Nilizunguka na gari hadi Tup Lane, nikakifungua kiti chako cha kukunja, nikapasha moto supu ya njegere. Hukutokea. Waliotokea ni rafiki yako Wilf Uttley na watu wa uokoaji, na nilijua kabla hawajavua kofia.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, kwamba hukuumia. Nimelishikilia neno hilo mwaka mzima, ingawa sijui yeye alijuaje.

Hapa Hagden bado unatajwa. Ulikuwa fundi wa boila, mitambo ya kupasha nyumba joto, na kila bibi kizee aliyezimikiwa na joto siku ya Krismasi alikuwa na namba yetu kichwani. Ulimwacha bata mzinga mezani ukaenda, ukarudi jioni na keki ya mtu chini ya kwapa, ukijidai umelipwa kuliko mawaziri. Bi kizee Ogden wa kule juu kanisani alilia kwenye mazishi yako kuliko ndugu zako, na wiki iliyofuata akanipigia kuuliza nani sasa atamtazamia boila lake. Sikumlaumu. Nami nilikuwa najiuliza vivyo hivyo kuhusu mambo mengi.

Nyumbani ulikuwa mtu mpole wa kuudhi. Viatu vya tope uliviweka kwenye sinki la vyombo. Soksi ulizianika juu ya boila mpaka nyumba nzima ikanuka kondoo. Kondoo wenyewe ulikuwa ukiwaamkia njiani kama majirani, na jirani halisi ukimpita bila kumwona. Ulipotoka kukimbia ulisema, "Nitarudi kwa chakula," wala hukusema chakula kipi. Nilikuwa nakukasirikia, na ningetoa chochote leo nikukasirikie tena.

Halafu zile nguzo zenu. Wapima ardhi walizisimamisha vileleni zamani, nguzo nyeupe za zege zinazonifika kifuani, wakachora ramani zao wakaenda zao. Nyinyi wakimbiaji wa klabu mkabaki nazo kama wenye deni. Jumamosi ya kwanza ya Juni anayetaka huondoka mlangoni mwa baa jua likichomoza, azunguke vilima vyote, aguse kila nguzo kwa kiganja kitupu, arudi kabla jua halijazama. Ana ramani na dira tu, simu imezimwa begini. Kileleni hakuna anayesimama kuhakikisha. Ukisema umegusa, umegusa. Wanaume wanaowadanganya wake zao kuhusu bei ya viatu hawadanganyi kuhusu nguzo, jambo ambalo wake tumelisema sana bila kupata jibu.

Kazi yangu mimi ilikuwa barabarani, pale njia yenu inapokatiza lami, na chai, supu, wali wa maziwa na soksi kavu. Na kazi hiyo ina sheria moja: anayesubiri haondoki kwenye gari. Ukipanda kumtafuta mtu ukunguni, yeye atashuka upande mwingine akute gari halina mtu, naye apande kukutafuta wewe. Nimekuwa mtu wa barabarani tangu tulipooana, na sijawahi kuuzoea moyo wangu unavyodunda dakika zile za mwisho kabla kofia yako haijachomoza juu ya nyasi.

Mwezi wa pili Rowena, binti yetu, alitangaza kwamba atakimbia. Alisema nguzo ya Blackrake uliigusa, maana walikukuta ng'ambo yake, hivyo kilichobaki ni kutoka pale hadi nyumbani, lakini yeye angeanza mwanzo kabisa kama wewe. Dada yako Muriel alinipigia siku hiyo hiyo. "Avis, una mtoto mmoja tu," alisema. "Mfichie viatu." Nilimwambia mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na minne na ana viatu vingine kwake. Lakini nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi muda mrefu, nikiwaza ni maneno gani ya kumzuia. Sikuyapata. Wiki zote hizo nilimpikia, nikamfulia, nikasikiliza utabiri wa hali ya hewa kama anayesikiliza hukumu.

Basi Jumamosi iliyopita tukatoka. Asubuhi ilikuwa safi mno, jambo ambalo wewe hukuwa ukiliamini. Kwenye daraja la Sikes alifika kwa wakati, mashavu mekundu, akala wali wa maziwa akiwa wima kama wewe, na kikombe akakirudisha kitupu. Niliangalia. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka juu ya Blackrake. Nilimfunga zipu ya koti hadi kidevuni kama anakwenda chekechea, na hakunikataza.

Tup Lane, Wilf alikuja kukaa nami. Alisema anapita tu, kumbe alikuwa amebeba chakula cha siku nzima. Saa ya Rowena kushuka ikafika, ikapita. Wilf akazungumzia bei ya kondoo. Nikaipasha supu, ikapoa, nikaipasha tena. Wilf akaacha kuzungumzia kondoo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ukuta wa mawe, na kila jiwe lililojitokeza nililiona ni yeye.

Alasiri ilipoanza kwisha nilifungua mlango nikavaa viatu vyangu vya bustani.

"Kaa, shemeji," Wilf alisema. "Ukipanda wewe, jioni tutatafuta wawili."

"Mwaka jana nilikaa."

Alitazama usukani. "Najua," alisema. "Na ungepanda, ungemkuta vilevile. Kaa. Akichelewa zaidi ya hapo nawapigia uokoaji mimi mwenyewe, na mbele yao napanda mimi."

Nilikaa, Edwin. Mguu mmoja ndani, mwingine nje, kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni nani nimwambie kwanza, na nikajichukia kwa kupanga.

Kilichokuja ni pikapu, si mtu wa miguu. Ilitoka upande wa bonde la pili, na mama mmoja wa makamo akashusha kioo. Ni Bi Jessop, yule mwenye shamba chini ya Blackrake upande wa mashariki.

"Wewe ndiye mama wa yule binti mwenye kofia nyekundu?"

Wilf ndiye aliyejibu.

"Ni mzima," yule mama alisema upesi, maana aliniona uso. "Ameshukia uani kwangu, upande sio kabisa. Nimempa chai ya sukari nyingi. Nikamwambia apande gari nimlete hapa, amekataa, dada. Anasema akipanda gari haihesabiki. Amerudi juu kwa miguu, kilima kizima, ili ashuke upande unaotakiwa. Mmemlea vipi huyu?"

"Sikumlea peke yangu," nilimwambia, kisha nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na yule mama akashuka garini akanishika bega. Tangu hapo ni rafiki yangu, ujue. Analeta mayai.

Lakini hofu haikuisha, ilibadilika tu. Sasa nilijua kwamba yuko hai na kwamba amerudi mahali pale pale, amechoka maradufu, na mwanga unapungua. Wilf akapanda hadi ukutani na filimbi yake, akawa anapuliza kila mara, umbali ambao bado angeliona gari.

Rowena alitoka ukunguni akifuata filimbi, tope hadi kiunoni. Akakaa kwenye kiti chako. Nikampa kikombe. Akasimulia mwenyewe. Aligusa nguzo ya Blackrake, kisha akazunguka nyuma yake kujikinga na upepo ili ale kipande cha keki ya shayiri. Akakumbuka ni hapo karibu walipokukuta. Akakueleza habari zetu: mimi, Muriel, boila la Bi Ogden. Akalia. Alipoinuka aliondoka kule uso wake ulikokuwa unatazama, akashuka, akashuka, mpaka akasikia mbwa asiowajua.

Ni kosa la nguzo, nyote mnalijua, na wewe ulimfundisha tangu mdogo: kabla ya kuketi, laza dira chini ielekee unakokwenda, kwa sababu ukungu na nguzo ya pande nne vitakuzungusha kama pia. Alijua. Siku ile alikuwa na jambo kubwa kuliko dira. Wilf hakumcheka, na Wilf, unavyomjua, humcheka kila mtu.

Ilibaki nguzo ya Oller Top, kisha kushuka hadi baani. Hakuna aliyehitaji kutazama saa kujua kwamba muda hautatosha, au utatosha kwa unywele. Juu kulikuwa kweupe pepepe kwa ukungu. Soksi nilizombadilisha nilizishika mapajani, zimelowa, na nilitaka kumfungia garini na kuendesha hadi nyumbani bila kusimama popote.

Rowena akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Mama," alisema, "ukisema nipande gari, napanda. Kweli. Sitakulaumu leo wala kesho. Niende?"

Wilf aligeuka akaanza kukagua magurudumu ya gari lake.

Sitasema nilikuwa jasiri. Kisha nikamfunga zipu hadi kidevuni, nikamwambia, "Nenda. Na ukifika pale, dira chini kwanza."

Akaenda. Nilimtazama mpaka kofia nyekundu ikapotea, nikaendesha gari polepole hadi Hagden, nikasimama nje ya baa bila koti, na wenzako wa klabu wakatoka mmoja mmoja wakasimama nami, bia zao zikiwa zimebaki ndani. Hata yule Cyril wa posta alinyamaza, na hilo halijawahi kutokea.

Taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka alipokata kona ya kanisa, anakimbia kama mtu anayechechemea. Wilf akasema kwa sauti kwamba kwa ukungu ule hakuna aliyeliona jua likizama, basi nani wa kusema limezama? Wote wakaitikia. Rowena akashika fremu ya mlango, akavuta pumzi. "Limezama," alisema. "Nilikuwa ukutani pale chini ya Oller Top, pakawa giza. Nimechelewa. Lakini zote nimezigusa." Kwa hiyo jina lake halitaandikwa kwenye ubao wa waliofaulu, na hakuna aliyemfariji, kwa sababu ungekuwa utovu wa heshima. Walimpa nafasi karibu na moto. Nilimvua viatu mimi mwenyewe na sikuviachilia.

Amelala siku mbili. Leo ameamka, amekula mayai manne ya Bi Jessop, na ameweka viatu vya tope kwenye sinki langu.

Nami nimekaa hapa mezani nikuandikie, Edwin, kwa niaba ya wote: mimi mkeo Avis, mwanao Rowena, dada yako Muriel ambaye bado hajaongea nami vizuri, Wilf Uttley na wenzako wote wa klabu ya Hagden. Tuko nawe moyoni siku zote, na hakuna siku itakayofika tuwe tumekusahau.

Jambo moja ni langu peke yangu. Mwanao aliniuliza. Wewe, mpenzi wangu, miaka yote ile ulinirudishia kikombe ukageuka, na hukuniuliza hata mara moja. Nimekuwa na hasira nawe kwa hilo tangu mwaka jana, na sasa najua hasira ilikuwa ya nini. Ungeniuliza, hata siku ile darajani, ukungu ule ule, ningekujibu hivyo hivyo. Ningekufunga zipu, nikakuambia nenda.