Somo, Ngano Ile Ilikuwa ya Huku

Somo yangu Maria,

Sijui uko mji gani huko Italia. Labda ndiyo maana naiandika barua hii wazi, naisomwe na wengine.

Ulikuja kwetu Likoni kutafuta mayai. Mama alipokuuliza jina, ukasema Maria. Akacheka, akanivuta mkono. "Basi huyu Mariamu ni somo yako. Kaa jamvini, mwanangu." Ukakaa, na gauni lako jeupe. Tangu siku ile nyumba yetu ikawa yako.

Unga wa dukani hukuutaka, ulisema umekufa. Mumeo, fundi wa reli, akawa akikuletea ngano ya bara kwa gunia. Mama akiipepeta, mimi na wewe tukiisaga kwa jiwe mpaka viganja vikituwaka moto. Makapi tukiwapa kuku, na mayai yao tukiyakandia unga. Ulinifundisha kuusukuma mpaka uwe mwembamba kama kanga iliyochakaa, kuukata tambi pana, kisha kuzianika uani juu ya fito. Nami nikakupikia tambi kwa tui, sukari na iliki.

"Sukari? Wewe naharibu!" ulipiga kelele. Ukala, ukakomba sahani.

Mwaka ule ambao kila baraza lilizungumza uhuru, ulialika wazungu wenzako chakula cha mchana. Uliniomba nije tupike pamoja. Tulikanda tangu alfajiri, tukicheka. Nilipoingia na bakuli la tambi, bibi mmoja alikuwa akiuliza unga umetoka wapi.

"Italia," ukasema.

"Na nani amezitengeneza?"

"Mimi mwenyewe."

Akanitazama. "Na huyu?"

"Mtumishi."

Kizungu changu ni kidogo, lakini hayo niliyafahamu yote. Nikaliweka bakuli mezani polepole, nikatoka.

Kesho yake ulikuja, macho mekundu. Mama, asiyejua lolote, akakutilia chai. Uani ukaninong'oneza, "Somo, pale mimi nalazimika. Wao hapana fahamu."

"Hata mimi sifahamu," nikakwambia. "Ungesema rafiki tu, ungekufa?"

Ukaondoka, wala hukurudi tena. Kabla bendera haijabadilishwa nikasikia mmekwisha panda meli.

Nina uchungu nawe, wallahi. Bado natengeneza tambi, na kila nikikanda hasira hunipanda upya. Ngano ile ilimea katika ardhi hii, ikasagwa kwa mikono hii. Ukweli ungekupunguzia nini?

Mama amefariki, baada ya Idi. Katika maradhi yake alikuwa akiniuliza, "Maria hajambo? Mbona haandiki?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu sana."

Nikawa namtungia salamu zako: mara mna baridi, mara umejifungua mtoto wa kike. Akifurahi, akikuombea dua. Ulivyoniita sikumwambia. Amekwenda kaburini akijua ana binti Italia.

Kwaheri.

Somo yako,
Mariamu