Nilifuta Maneno ya Somoe Ubaoni

Shikamoo Mama Felicitas,

Naomba unisaidie kabla jambo hili halijanishinda. Mimi ni karani wa ushirika wa kutengeneza madawati ya shule hapa Mtoni, nimesoma hadi kidato cha nne na kila siku naandika shajara, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni za hakika. Zamani kazi zote zilikaa kichwani mwa msimamizi wetu, Mzee Romani, na akiugua tulikaa tu, basi tarehe 3 Machi 1975 nilitundika ubao mkubwa, kila mtu aandike alichomaliza na kilichokwama, na akiona kosa la mwenzake alisahihishe, na Mama, nakwambia bila aibu, karakana iligeuka, madawati ya mwezi mzima tukayamaliza kwa siku kumi na mbili, hata Mzee Romani akasema, "Sasa naweza kuumwa kwa raha!"

Tarehe 19 Juni niliandika miguu ya madawati ikatwe urefu wa sentimita 57. Somoe, anayepiga msasa, akaipiga mstari namba yangu, akaandika: "75. Karani, pima tena." Wageni wa wizara walikuwa mlangoni, nikaona haya, nikafuta maneno yake, nikaandika 57 upya, nikikusudia kurekebisha wakiondoka, lakini sifa walizonimwagia zikanisahaulisha, na kesho yake miguu arobaini ikakatwa mifupi. Somoe akaniambia mbele ya wote, "Kumbe chaki ni yetu sote, kifutio ni chako peke yako, karani?"

Tangu hapo haandiki mtu. Wamerudi kumuuliza Mzee Romani. Mwenyekiti wa ushirika anataka niandike peke yangu, nipewe cheo cha Msimamizi wa Ubao. Nikubali?

Leodegar, Mtoni

Marahaba, Leodegar.

Jivunie, unastahili. Kuwafanya watu waione kazi yao yote kwa pamoja si jambo dogo. Lakini wewe nawe! Umewazoesha wenzako kukosolewa hadharani, zamu yako ilipofika ukakimbilia kifutio. Halafu unaniulizia cheo? Kikatae. Ubao wa mtu mmoja ni Mzee Romani mwingine, tena asiyejua useremala.

Kesho asubuhi, wote wakiwepo, andika kwa mkono wako: "57, kosa la karani. 75, Somoe." Usianze kusimulia habari za wageni. Miguu ile mifupi ifanyeni vigoda. Kuanzia hapo kosa lipigwe mstari mmoja, liendelee kusomeka, na ubao ufutwe Jumamosi tu, mbele ya wote. Kifutio mkabidhi Somoe.

Wizara wakija tena, usiifiche ile mistari. Waonyeshe, ukianza na wa kwako.